Barua ya wazi kwa wanangu mnaosomea uzamivu Kampala

Wanangu wa Makerere, Kyambogo na kwingineko,

Nawasalimu nyote. Nawaandikia kuwaomba msaidiane masomoni bila kujali mtu katoka upande gani. Watu wa kwenu msiwaache. Ukifiwa, watakaokuchangia nauli ya kwenda Arua au Kabale usiku uleule ni wao. Lakini chama cha watu wa nyumbani hakiwezi kukusomea sura ya pili ya tasnifu, wala hakijui kwa nini kibali chako cha utafiti kimekwama.

Kwenye vibali ndipo ninapoona wengi wakiumia. Utafiti unaohusu watu hupita kamati ya maadili kwanza, kisha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Masharti yameandikwa, sawa. Ila kamati inakaa lini? Ukifika wilayani umwone nani kwanza? Hayo husemwa koridoni na kwenye chai, mara nyingi kwa Kiganda. Mwenzenu wa Moroto, kule Karamoja, au yule Mkongo wa Bukavu, yupo palepale na kikombe chake, anacheka wenzake wakicheka. Tarehe ikishapita ndipo anaulizwa, "Kwani hukusikia?"

Simlaumu Muganda kusema lugha yake mjini kwake. Namlaumu anayemwona mwenzake kanyamaza, naye asibadilishe lugha. Semeni Kiingereza, semeni Kiswahili, mradi wote mnaelewana. (Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu 2005, ingawa wapo wazee wenzangu ambao wakikisikia bado wanawakumbuka askari wa Idi Amin waliokisema.)

Basi undeni vikundi vya watu wanne watano, wasitoke upande mmoja wa nchi. Kila mkikutana, mmoja alete kurasa kumi na wengine wawe wamezisoma. Msikutane jioni, kuna mwenzenu ana mtoto mchanga mtaani Kikoni.

Na huyo wa Karamoja mnayemkumbuka dodoso likitaka kutafsiriwa tu, mlipeni. Akikataa pesa, jina lake liingie kwenye shukrani, tena kwa kazi aliyoifanya, si "marafiki wote". Siku ya kusoma kurasa zake nayo msikose.

Ufadhili ukichelewa, kopeshaneni kwa maandishi.

Mgeni akiingia idarani muhula ujao, mmoja wenu amfuate amwambie siku na chumba. Asiachiwe tangazo la ukutani.

Ni mimi babu yenu,
mwalimu mstaafu, Bombo