Kwa wenyeviti wa LC1 (mabaraza ya vijiji) Busia, Uganda: tulieni kwanza, muhuri baadaye

Wanangu wenyeviti, wake kwa waume,

Nawasalimu. Habari za kazi siwaulizi, nazijua. Jua halijachomoza, mtu yuko mlangoni anataka barua ya utambulisho aipeleke NIRA, mamlaka ya kuandikisha raia, apate kitambulisho. Hujamaliza kunawa uso, polisi wanapiga simu: kuna kijana wamemshika, anasema ni wa kijijini kwako. Mchana kesi ya deni, jioni matanga, usiku mke na mume wanarushiana sufuria na anayeitwa ni wewe. Tangu PDM, ule mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, ianze mwaka 2022, mambo ndiyo yamezidi. Kila parishi imetengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, anayebahatika anapata milioni 1, na yule aliyekosa haendi kumuuliza waziri. Anakuja kwako. Posho yenu nayo naifahamu, hata vocha ya simu hainunui ya kutosha.

Kwa hiyo nikiwaambia mtenge dakika kumi kila siku za kukaa kimya bila kufanya lolote, wapo watakaosema mzee ameishiwa ya kusema. Sawa. Lakini nisomeni hadi mwisho.

Mnakumbuka uchaguzi wa Julai 2018, wa kwanza wa LC1 tangu 2001. Hatukupiga kura ya siri. Tulipanga mstari nyuma ya mgombea, mchana kweupe. Maana yake ni kwamba kila mwenyekiti aliyeshinda siku ile aliwaona kwa macho yake waliosimama kwenye mstari wa mwenzake. Jirani yumo, shemeji yumo, hata yule uliyemlipia mtoto wake karo yumo. Basi leo jirani huyo anakuja kuomba barua. Kabla hajamaliza salamu, moyo wako umeshamjibu: si ungeenda kwa mtu wako akakuandikie? Mdomoni unasema, "Njoo kesho, wino umekwisha." Na wino upo. Nimeyaona haya zaidi ya mara moja, na waliofanya hivyo hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu waliochoka, ambao hawakupata hata dakika moja ya kujiuliza hasira hii imetoka wapi.

Ndipo ninapoiona faida ya kutafakari kwa kiongozi. Vijana wanaiita meditesheni, nanyi iiteni mpendavyo. Wanaoiuza mjini wanasema inaleta furaha. Mimi sina hakika na furaha. Ninachojua ni kwamba mtu aliyezoea kukaa kimya na kuangalia mawazo yake yakija na kuondoka, hujifunza kulitambua wazo la chuki mapema, likiwa bado ni wazo tu. Dereva wa lori anayejua kazi hukanyaga breki kabla ya kona. Akingoja mpaka awe ndani ya kona, atalala mtaroni na mzigo wa watu.

Kulikuwa na mwenyekiti mmoja, sasa ni marehemu, aliyekuwa na mtindo wake wa kusikiliza kesi. Watu wakishakaa kwenye mabenchi chini ya mwembe, yeye hakusema neno. Alivua kofia akaiweka gotini. Alifunga kile kikopo cha wino, muhuri akautia kwenye mkoba, simu akamkabidhi katibu. Kisha alikaa tu, mikono mapajani, akipumua polepole, macho kwenye nyasi mbele yake. Wageni walidhani anasali. Walalamikaji waliofika wakipiga kelele waliona aibu kuendelea peke yao. Ndipo aliposema, "Haya, mama, anza wewe." Siku moja ilikuwa kesi ya mjane na shemeji yake aliyeng'oa mimea ya mpaka wa shamba, na mjane aliongea mpaka akamaliza bila kukatizwa na yeyote. Kwa jinsi mabaraza yetu yanavyoendeshwa sasa, simu ikiwa mezani inawaka kila baada ya sentensi mbili, sidhani kama mama yule angefika katikati.

Namna ya kufanya si ngumu. Amka kabla ya wagonga mlango. Kaa kwenye kiti cha kawaida, nyayo zikanyage chini, mgongo wima. Vuta pumzi kwa pua, itoe taratibu kuliko ulivyoivuta, na akili yako ikae kwenye hiyo pumzi. Itatoroka. Itakwenda kwenye deni la SACCO, kwenye maneno ya diwani, kwenye ng'ombe anayeumwa. Ukigundua imekwenda, irudishe, usijigombeze. Huko kuirudisha ndiyo kazi yenyewe, na ukiirudisha mara mia moja hujashindwa. Simu iwe chumba kingine. Baadaye mchana, kabla ya kesi au kabla ya kumjibu mtu aliyekutukana, pumzi tano za namna hiyo zinatosha.

Mwili una sababu zake. Ukikasirika, moyo hukimbia, pumzi hufupika, misuli hukaza. Pumzi ndefu ya kutoa huuambia moyo upunguze mwendo. Daktari Herbert Benson wa Marekani alilichunguza jambo hili miaka ya 1970, akaona mtu aliyetulia akirudia neno moja moyoni, mapigo ya moyo na pumzi hushuka. Mwaka 1979, huko Massachusetts, Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa wa hospitali, wenye maumivu yasiyokwisha, namna hii ya kutulia. Nawataja kwa sababu ya wale wanaosema haya ni mambo ya matajiri wenye nafasi. Wagonjwa wale nafasi waliitoa wapi?

Wapo pia wanaoogopa kwamba ni dini ngeni. Waislamu, mnajua Mtume alikuwa wapi wahyi ulipomfikia: pangoni Hira, peke yake. Na itikafu, kule kujitenga msikitini, ya kumi la mwisho la Ramadhani hamkuipata kwa Wazungu. Wakristo, someni Marko sura ya kwanza. Yesu ameponya watu mpaka usiku, alfajiri anatoka kwenda mahali pasipo na watu, wanafunzi wanamfuata wakimwambia kwamba watu wote wanamtafuta. Nanyi mnatafutwa na watu wote.

Kuna na mfano wa ofisini. Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alisimamia mwenyewe utengenezaji wa chumba cha ukimya katika makao makuu New York, kikafunguliwa 1957. Katikati aliweka pande la chuma ghafi kutoka kwao Uswidi, na viti vichache. Mtu huyo hakuwa na kazi ndogo: vita vya Kongo vilikuwa mikononi mwake, na alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola, Zambia ya leo, Septemba 1961, akienda kutafuta suluhu ya Katanga, jimbo lililojitenga na Kongo.

Sasa maonyo, kwa ufupi. Mwenye dawa za presha aendelee nazo. Aliyepitia vita, na hapa Busia wapo waliokuja kutoka kaskazini na kutoka Kongo, akifumba macho anaweza kurudiwa na yale aliyoyaona. Huyo akae macho wazi, au atembee polepole, na yakimzidi aende kwa mganga wa hospitali. Na msidhani kukaa kimya kunasafisha mikono. Mwizi wa fedha za parishi akitafakari anabaki mwizi, tena mtulivu zaidi.

Mkutano wenu ujao wa wenyeviti, naomba dakika tano za kwanza ziwe za kimya, hata kabla ya kumbukumbu za mkutano uliopita kusomwa. Nitakuja mwenyewe nikae nyuma. Ambaye simu yake italia atawanunulia wote chai na chapati, na nimeshamwambia mama wa hoteli awe tayari.

Mzee wenu,
Busia