Lenzi zangu si urembo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi cherehani hapa Tandika, nashona magauni na sare za shule, mwaka wa kumi na moja huu. Mwezi uliopita nilikwenda kuulizia bima yangu kama italipia lenzi za macho, zile zinazovaliwa juu ya jicho lenyewe badala ya miwani. Dada wa dirishani akanijibu, foleni nzima ikisikia: "Lenzi ni urembo, dada." Neno hilo limenikaa kifuani hadi leo.

Nina ugonjwa unaoitwa keratokonasi. Konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, hukonda kidogo kidogo na kuchomoza kama pia. Kwangu ulianza nikiwa kidato cha tatu. Herufi za ubaoni zikawa na vivuli, usiku taa ya bodaboda ikawa inatawanyika kama uzi uliofumuka. Nilibadilisha miwani mara nne, na kila mara tundu la sindano lilibaki mawili. Miwani haiwezi kusawazisha konea iliyopinda vibaya. Lenzi ngumu inaweza, kwa sababu inaweka uso mpya uliosawazika mbele ya jicho, na maji yaliyo chini yake yanajaza mabonde.

Lakini lenzi ipi? Hapo ndipo nilipopoteza pesa. Duka la kwanza la miwani lilisoma namba kwenye karatasi yangu, likafungua kabati na kunipa lenzi laini. Lenzi laini hulala juu ya jicho kama kitambaa chepesi juu ya nundu, na nundu inabaki palepale. Duka la pili likanipa lenzi ngumu ndogo, saizi waliyokuwa nayo. Ilinikwaruza kwenye ncha ya konea, jicho likawa jekundu kama pilipili, na siku moja ikachomoka ndani ya daladala la Mbagala, ikapotelea chini ya viti.

Mtaalamu wa tatu alikuwa na masanduku ya lenzi za kujaribia. Kwanza alipiga picha ya konea, ikatoka kama ramani ya rangi, nyekundu pale palipochomoza. Akanivalisha lenzi, akaniambia nikae nusu saa itulie. Kisha akatia rangi ya njano, akawasha taa ya buluu, akatazama maji yanavyong'aa kijani chini ya lenzi: wapi inagusa, wapi imeelea mno. Akaitoa, akaweka nyingine. Nilirudi kwake mara tano. Mhariri, mimi mwenyewe hufanya hivyohivyo. Mteja mwenye bega moja lililoshuka simpi gauni la kutundikwa dukani. Nampima, napiga bandi, anavaa, nafumua, napiga tena.

Alinieleza kwamba kuna wanaotoshwa na lenzi ndogo ngumu, kuna wanaovaa ngumu juu ya laini, na kuna lenzi yenye kitovu kigumu na ukingo laini. Kwa jicho langu alichagua lenzi ya sklera. Hii hukaa kwenye weupe wa jicho na kuivuka konea bila kuigusa. Yangu ina milimita 16, sawa na kifungo cha mkono wa koti. Na si mambo ya jana: daktari Adolf Fick alipoandika kuhusu lenzi zake za kioo mwaka 1888, nazo zilikaa kwenye weupe, na zilikuwa za kumsaidia mtu aone.

Kila asubuhi natandika taulo mezani, nanawa kwa sabuni, nakausha mikono. Naishika lenzi kwa kipira chake cha kuinyonya, naijaza maji safi ya chumvi ya dawa hadi ukingoni, nainama uso ukitazama meza, napanua kope, naipandisha. Kiputo kimoja cha hewa kikiingia, naona wingu, naanza upya. Wiki ya kwanza ilinichukua dakika arobaini. Maji ya bomba au ya simtangi siyagusishi kabisa, yana vijidudu vinavyoweza kuila konea. Usiku nazitoa.

Siku ya kwanza kuzivaa nilisoma maneno ya kanga iliyotundikwa duka la ng'ambo ya barabara. Nililia, nikaogopa nisizitoe kwa machozi.

Zilinigharimu kuliko cherehani yangu. Najua mjini kuna lenzi za rangi za maharusi, zinauzwa pamoja na kope za bandia, na huenda dada wa dirishani alifikiria hizo. Basi watu wa bima watenganishe hayo mawili kwenye orodha zao, na waangalie cheti cha daktari kabla ya kumjibu mgonjwa. Na wenye maduka ya miwani, kama huna lenzi za kujaribia, mwambie mteja ukweli na umwelekeze hospitali yenye kliniki ya macho. Kumuuzia kwa namba ni kumkatia nguo mtu ambaye hujamwona.

Lenzi hazizuii ugonjwa kuendelea. Kuna tiba ya matone ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno inayoimarisha konea, nayo hufaa zaidi mapema, kabla haijaharibika sana. Mimi nilichelewa. Nilikuwa na aleji tangu utotoni, nikisugua macho kwa viganja, na nyumbani hakuna aliyejua kwamba kusugua kunachangia. Mtoto wa dada yangu ana miaka 12 na anasugua vilevile. Jumatatu nafunga kibanda, nampeleka akapigwe picha ya konea.

Fundi cherehani,
Tandika, Dar es Salaam