Ruzuku ilipie na siku za sampuli

Mhariri,

Mimi ni mfumaji wa vitambaa kwa mkono. Kila yanapotangazwa majina ya wabunifu wa mavazi waliopata ruzuku za sanaa, husifiwa "ushirikiano wao na mafundi". Sijasikia mtu akiuliza fundi alilipwa kwa kazi ipi hasa.

Mimi nililipwa kwa mita. Mbunifu mmoja aliyepata ruzuku aliniletea mchoro wa kitambaa chenye buluu nzito inayofifia taratibu mpaka nyeupe. Kabla hujafuma hata sentimita moja ya kitu kama hicho, sharti utandike mtande, yaani nyuzi zinazonyooshwa kwa urefu wa kitambaa: nyuzi zaidi ya 800, kila mmoja upitishwe kwenye tundu lake na ufungwe kwa mkazo ule ule. Uzi mmoja ukikosea njia, kosa hilo utakuwa nalo mpaka mwisho wa kitambaa. Kazi hiyo ilinichukua siku nne. Sampuli ya kwanza, buluu ilikatika ghafla kama imechorwa kwa rula. Ya pili ililegea pembeni, pindo likajikunja. Nikafumua, nikapanga upya nyuzi za buluu na nyeupe zipishane kidogo kidogo, na ya tatu ikakubali. Mbunifu aliinyanyua dirishani ili mwanga upite, tukabaki tunaitazama.

Siku ya malipo, sampuli mbili za kwanza hazikuwamo kwenye hesabu. Wala zile siku nne.

Simlaumu mbunifu. Bajeti aliyopitishiwa ilikuwa na mafungu ya ukumbi, taa, wanamitindo, picha na usafiri. Sisi mafundi tuliingizwa kwenye "malighafi na uzalishaji", tukakaa humo pamoja na uzi na vifungo. Lakini ile buluu haikufifia kwenye karatasi, ilififia kwenye kitanda cha kufumia, baada ya kushindwa mara mbili. Kama ruzuku ni ya ubunifu, basi na huko kulikuwa na ubunifu.

Wenye uwezo wanalijua hili. Karakana ya utarizi ya Lesage, Paris, iliyoanza mwaka 1924, ilinunuliwa na kampuni ya mitindo ya Chanel mwaka 2002, na si karakana pekee iliyonunuliwa hivyo ili ujuzi wake usipotee. Mbunifu anayeanza hawezi kununua karakana. Anachoweza ni kuomba ruzuku, na ruzuku ikilipia onyesho la usiku mmoja tu, kesho yake fundi anatafuta kazi nyingine. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 unazihesabu stadi za jadi za kazi za mikono kuwa urithi. Stadi hizo zimo mikononi mwa watu, na watu hao wanahitaji kulipwa hata siku ambayo kitambaa kimegoma.

Ombi langu kwa wafadhili ni fungu la siku za sampuli, alipwe fundi mwenyewe, sampuli ifae au isifae. Jina la fundi kwenye lebo na makubaliano ya maandishi kuhusu nani mwenye mchoro ni mambo mazito pia, lakini tuanze na hili.

Mbunifu yule anaomba ruzuku tena. Safari hii tumekaa meza moja kujaza fomu, na kwenye mstari wa mtande tumeandika: siku nne.

Mfumaji, msomaji wako