Bei ya warfarini haiishii dirishani

Mteja aliyegundulika damu imeganda kwenye mshipa wa ndani wa mguu huja kwenye duka letu la dawa na cheti cha rivaroksabani au apiksabani, dawa za kuzuia damu kuganda, akasikia bei, akashtuka. "Hamna ya bei nafuu?" Ipo, inaitwa warfarini. Ila hatuwezi kukubadilishia hapa dirishani. Hilo ni la daktari wako, na unafuu wenyewe una hesabu yake.

Warfarini huchukua siku kadhaa kabla haijashika. Kwa hiyo huanzwa pamoja na sindano za heparini, siku tano au zaidi, hadi INR, kipimo kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, ifike 2. Kuanzia hapo INR ikae kati ya 2 na 3: ikishuka damu inaweza kuganda tena, ikipanda unaweza kuvuja damu. Wiki za mwanzo utapima mara kwa mara. Jumlisha sindano, vipimo na nauli, kwa matibabu yasiyopungua miezi mitatu, halafu ndiyo ulinganishe. Mchicha, kisamvu na sukuma wiki zina vitamini K inayopingana nayo. Usiziache, ila usizile kila siku wiki hii halafu wiki ijayo usiguse hata jani.

Rivaroksabani na apiksabani hazihitaji INR wala sindano za kuanzia. Katika utafiti wa AMPLIFY wa 2013, waliovuja damu vibaya walikuwa 0.6% kwa apiksabani na 1.8% kwa matibabu ya warfarini. Mtego wa dawa hizi mbili ni dozi kubadilika njiani. Kwa kawaida rivaroksabani ni miligramu 15 mara mbili kwa siku, siku 21, kisha 20 mara moja kwa siku, na lazima iende na chakula. Apiksabani ni miligramu 10 mara mbili kila siku, siku 7, kisha 5 mara mbili kila siku. Tutakuandikia tarehe ya kubadili kwenye boksi. Na usiruke dozi, maana nguvu yake huisha haraka.

Mwenye vali ya moyo ya chuma hubaki na warfarini. Mjamzito, hizi zote tatu si zake. Kwa kawaida huendelea na sindano za heparini. Anayetumia dawa za TB zenye rifampisini amwambie daktari mapema, kwa sababu hupunguza nguvu ya zote.

Ukija kutaka diklofenaki ya maumivu ya mgongo ukiwa kwenye dozi hizi, hatutakuuzia, hata ukikasirika. Inazidisha hatari ya kuvuja damu tumboni.