Kwa nini kitabu kwetu ni elfu 45 na mtaani ni elfu 12

Jumamosi moja mteja aliingia kwenye duka letu la vitabu hapa Mwanza ameshika simu. Rafiki yake kapata kwa shilingi 12,000 kitabu kile kile tulichomuuzia yeye kwa 45,000. "Mmenipiga," akasema mbele za watu. Neno hilo liliniuma, kwa hiyo naeleza.

Cha elfu 12 ni durufu, yaani nakala iliyochapwa bila idhini ya mwenye haki. Nilimwomba akilete, Jumatatu tukakifungua pamoja juu ya kaunta. Jalada linang'aa kuliko la kwetu, lakini gundi ya mgongoni imekauka. Ukikilaza wazi, kurasa zinachomoka kama karata. Ukurasa wa 32 unafuatwa na wa 49. Vitabu hujalidiwa kwa mikunjo, mara nyingi kurasa 16 kila mmoja, na hapo mkunjo mzima umerukwa. Kitabu chenyewe ni The Effective Executive cha Peter Drucker, cha miaka ya 1960, na zilizokosekana ni kurasa za sura ya muda: meneja aandike kwanza muda wake unakwenda wapi, ndipo apange. Kwa sura hiyo tu mimi huwauzia watu kitabu hiki.

Mama mmoja mwenye stoo ya dagaa Mwaloni, Kirumba, alitaka "kitabu cha kusimamia vijana". Nikamuuliza, vijana wanakosea nini? Hawakosei, akasema, ila asipokuwepo hakuna kinachoenda. Nikampa Drucker. Wiki mbili aliandika kwenye kaunta buku kila alichofanya tangu alfajiri, akakuta asubuhi nzima inaishia kwenye kujibu bei na kutafuta chenji. Bei na droo akamkabidhi binti mmoja. Sasa anavuka kwenda Ukerewe kufuata mzigo, analala huko, na simu hailii.

Ndiyo maana tunauliza kabla ya kuuza, hata kama wengine wanaona tunawachelewesha. Wengi husema "nipe kile cha Mengi" wakitegemea taratibu za kuendesha kampuni. I Can, I Must, I Will, kilichotoka 2018, ni simulizi ya maisha ya mfanyabiashara Reginald Mengi tangu umaskini wa utotoni Kilimanjaro. Nakipenda mno, ila kupanga zamu hakitakufundisha. Stephen Covey naye, katika kitabu chake cha tabia saba cha 1989, anaanza na wewe mwenyewe kabla ya kugusa wengine. Bosi anayetafuta dawa ya wafanyakazi wavivu atakichoka mapema, na tunamwambia kabla hajalipa. Vyote hivi tunaviuza kwa Kiingereza. Mzee mmoja mwenye mitumbwi Igombe, ambaye Kiingereza kinamsumbua, nilikataa kumuuzia ingawa fedha alikuwa nayo mkononi.

Sasa hiyo elfu 45. Kitabu kinaagizwa kwa dola, kinafika Dar es Salaam, kinapandishwa basi hadi Mwanza, na humo mna haki ya mwandishi, ambayo durufu haimlipi hata senti. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inaikataza kazi hiyo. Chetu kikikosa hata ukurasa mmoja, kirudishe na risiti, tunakupa kingine siku hiyo hiyo.

Yule rafiki alikuja mwenyewe Alhamisi. Akalipa 45,000 juu ya zile 12,000, na durufu akaiacha hapa kaunta. Ipo bado, anayetaka aje afungue ukurasa wa 32.