Taiming ya Corolla 100 haipimwi kwa sikio

Wateja wanaotuletea Corolla 100 na 110 husema karibu jambo lilelile: gari limekuwa zito, linakula mafuta, na likipanda mlima linagonga. Tukiuliza lilipita wapi kabla ya hapa, mara nyingi tunaambiwa kuna fundi alilegeza distribyuta (kile kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa plagi), akaizungusha huku ametega sikio, injini ikachangamka, akakaza bolti na kusema tayari. Na kweli gari lilitoka pale likiwa jepesi. Kugonga kulianza baadaye, siku lilipobeba watu watano na mizigo.

Namna hiyo ya kuseti taiming, yaani wakati wa plagi kurusha cheche, inaharibu injini nzuri, na mwenye gari hana njia ya kujua mpaka uharibifu umeshafanyika. Ndiyo sababu tumeamua kueleza kazi hii inavyofanyika, ili ukiipeleka gari yako popote ujue cha kudai.

Pistoni ikishabana hewa na petroli, plagi inarusha cheche. Mchanganyiko ule hauwaki wote kwa mpigo. Moto unaanzia kwenye plagi na kusambaa, na kusambaa kunachukua muda. Kwa hesabu rahisi tuseme milisekunde mbili. Kwa hiyo cheche inabidi irushwe kabla pistoni haijafika juu kabisa, ili msukumo wenyewe uikute imeanza kushuka. Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, inazunguka mara 800 kwa dakika, milisekunde mbili ni kama nyuzi 10 za mzunguko wa krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Ikifika mizunguko 3,000, muda uleule ni nyuzi 36. Maana yake, mwendo ukiongezeka cheche lazima iwahi zaidi. Kwenye magari ya zamani zaidi, kama Peugeot 504 au Datsun za platini (swichi ndogo ndani ya distribyuta inayokata umeme ili cheche iruke), kuwahisha huko hufanywa na vyuma vidogo vyenye springi ndani ya distribyuta, vikisaidiwa na kile kibakuli cha pembeni kinachovutwa na upepo wa injini. Kwenye injini ya 5A-FE ya Corolla 100 anayewahisha ni kompyuta. Kazi ya fundi ni moja tu: kuweka mahali pa kuanzia, basi.

Cheche ikiwahi kupita kiasi, msukumo unaikuta pistoni bado inapanda. Joto na mgandamizo vinapanda mno, na petroli iliyobaki pembeni inajiwakia yenyewe. Hapo ndipo unasikia mlio mkali, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, hasa ukiwa gia ya nne umekanyaga mafuta kwenye mlima. Ukiendelea nao, kinachoumia ni vichwa vya pistoni, ringi na gasketi ya silinda hedi. Dalili nyingine ni gari kugoma kuwaka vizuri likiwa la moto: stata inazungusha kisha inakwama, kama kuna kitu kinairudisha nyuma. Cheche ikichelewa, moto unakuwa bado unawaka wakati valvu ya kutolea moshi inafunguka. Nguvu inaishia kwenye ekzosi, gari linachoka, linachemsha haraka, na mafuta yanakwisha bila kazi ya maana.

Sasa, kwa nini sikio linadanganya? Injini ikiwa sailensa, ukiiwahisha cheche kidogo mizunguko inapanda na sauti inakuwa tamu. Ukiiwahisha zaidi, inapanda tena. Fundi anayefuata utamu wa sauti ataishia upande wa kuwahi, kila mara, kwa sababu gari lililosimama halina mzigo wa kuonyesha kosa. Na distribyuta inazunguka nusu ya mwendo wa krenki, kwa hiyo nyuzi 1 unayoisogeza kwa mkono ni nyuzi 2 kwenye krenki. Milimita chache pale juu zinatosha kukutoa kwenye nyuzi 10 zinazotakiwa hadi 20.

Kuna na suala la mahali. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Nairobi karibu na 1,800. Hewa ya huko ni nyepesi, silinda inajaa kidogo, na injini inavumilia cheche inayowahi bila kupiga kelele. Gari hilohilo likishuka Dar es Salaam au Mombasa, hewa ni nzito na joto ni kali, linaanza kugonga hata barabara tambarare. Mteja anadhani ameuziwa petroli mbovu. Mara nyingi petroli haina kosa.

Tunavyoifanya hapa gereji

Injini lazima iwe imepata moto kamili, na eesii, taa na feni ya ndani vyote vizimwe. Chini ya boneti ya Corolla 100 kuna kisanduku kidogo cheusi, mfuniko wake umeandikwa DIAGNOSIS. Ndani yake tunaunganisha matundu mawili, TE1 na E1, kwa waya mfupi. Taa ya injini kwenye dashibodi inaanza kupepesa, na hapo kompyuta inaacha kuwahisha cheche kwa akili yake. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana. Usipounganisha, kompyuta inakuwa imeshaongeza nyuzi zake juu ya zile za distribyuta. Ukivuta kipimo mpaka kisome 10 katika hali hiyo, gari linatoka likiwa limechelewa. Tafadhali usijaribu mwenyewe kwa kubahatisha matundu, kwani mojawapo lina umeme wa betri na kuligusisha na E1 ni kuunguza fyuzi au zaidi ya hapo.

Kisha tunasafisha puli ya krenki na kupaka chokaa nyeupe kwenye ule mkato wake mdogo. Taa ya taiming tunaibana kwenye waya wa plagi namba 1. Kila cheche ikipita, taa inamulika, na ule mkato unaonekana kama umesimama palepale ingawa puli inazunguka kwa kasi. Pembeni, kwenye kava ya mkanda wa taiming, ule unaounganisha krenki na mwendo wa valvu, kuna vipimo vyenye namba. Tunalegeza bolti za distribyuta kwa spana namba 12, tunaisogeza taratibu mpaka mkato usimame kwenye nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, tunakaza, tunapima tena. Kupima tena baada ya kukaza ni lazima, maana distribyuta hupenda kuhama wakati wa kukaza. Ukipenda simama nasi uangalie. Tunafurahi mteja akiona kwa macho yake.

Wakati mwingine distribyuta inafika mwisho wa nafasi yake na 10 haijapatikana. Hapo tunasimamisha kazi na kukupigia simu, kwa sababu huenda mkanda wa taiming umeruka jino, na kulazimisha distribyuta ni kuficha ugonjwa. Puli nayo tunaikagua. Zile zenye mpira katikati, duara la nje linaweza kuteleza na alama ikawa ya uongo. Tukishuku, tunafungua plagi namba 1 na kutafuta juu ya pistoni yenyewe.

Kwa magari ya platini utaratibu ni mwingine kidogo. Nafasi ya platini hurekebishwa kwanza, taiming baadaye, wala si kinyume, kwa sababu platini ikilika nafasi inapungua na cheche inachelewa yenyewe. Mpira wa upepo unaokwenda kwenye distribyuta unachomolewa na kuzibwa wakati wa kupima. Injini nyingi za aina hii zilitengenezwa enzi za petroli yenye risasi, ambayo nchi zetu ziliiacha kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Kwa hiyo baada ya kuseti kwa taa tunalipeleka gari mlimani likiwa na mzigo, na likigonga tunapunguza nyuzi moja au mbili.

Na kama una IST, Vitz au Corolla yenye injini ya 1NZ-FE, ujue haina distribyuta kabisa. Kila plagi ina koili yake na kompyuta ndiyo inayopanga kila kitu. Usimlipe mtu yeyote hela ya kuseti taiming ya cheche kwenye gari hilo. Likigonga au likikosa nguvu, lilete tulipime kwa mashine tujue ni sensa, koili, plagi au kitu kingine.

Bei tunakutajia kabla ya kulegeza bolti yoyote. Ukija, tuambie mkanda wa taiming ulibadilishwa lini na kama gari limetoka mikoa ya juu karibuni. Kama plagi au nyaya zake zimechoka tutakuonyesha, na tutakushauri uzibadilishe kwanza, maana taiming iliyosetiwa juu ya plagi mbovu utairudia.