Amekiharibu kiwanja changu, na kila Jumapili ananiamkia

Mpendwa Mshauri,

Ninakuandikia saa tisa usiku kwa sababu mvua imeanza tena na siwezi kulala nikiisikia juu ya bati. Chumba ninacholala ni cha kupanga na hakivuji. Mawazo yangu yako kiwanjani, kule upande wa mlima Loleza, ambako kila inaponyesha namna hii udongo wangu unateremka tena uani kwa jirani.

Hata hivyo, kinachoniumiza zaidi si udongo. Kijana aliyekichonga kiwanja hicho nilimfundisha hesabu darasa la nne, na kila Jumapili tukitoka kanisani hunijia mbele ya watu, akainama kidogo na kusema, "Shikamoo, mwalimu," nami huitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akaenda zake. Simu zangu hapokei. Ujumbe wangu anausoma na hajibu. Lakini shikamoo haikosi hata Jumapili moja.

Naomba nieleze ilivyokuwa, usije ukaniona mtu asiyefikiri. Kiwanja alikinunua marehemu mume wangu, nacho kina mteremko mkali, hivyo msingi hauwezi kuanza kabla ya kuchonga upande wa juu na kujaza upande wa chini. Nilipopata kiinua mgongo, mwanangu aliyeko Dodoma alisisitiza nitafute mtu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, nami nilimsikiliza nikaita kampuni. Walipima asubuhi nzima, kisha wakaniletea karatasi ya shilingi 11,000,000. Waliandika kwamba udongo wa juu wenye nyasi na mizizi utaondolewa kwanza. Kwamba udongo wa kujaza utawekwa kwa matabaka ya sentimita 20, kila tabaka likinyunyiziwa maji na kushindiliwa kwa mashine kabla ya kuwekwa jingine. Kwamba ukingo wa juu utalazwa na hautaachwa wima. Na kwamba juu yake utachimbwa mfereji wa kukinga maji ya mlimani. Niliyaona yote hayo kuwa ni njia ya kupandisha bei. Nani angekubali kulipia kumwagia udongo maji?

Kijana yule niliyemfundisha alitaja 4,800,000 kwa kazi yote, dizeli na kuileta katapila vikiwemo. Nilifurahi, nakiri. Amezaliwa hapa, ana watoto wadogo, na mashine ni ya kukodi ambayo lazima ailipie iwe inafanya kazi au imelala. Hata sasa sioni kosa katika kumpa kazi mtu wa nyumbani, na wanaonicheka wangefanya vilevile. Nilimtumia 3,000,000 kwa simu bila kuandikiana chochote, kwa kuwa mwalimu atamtakaje mwanafunzi wake atie sahihi kama mtu asiyemwamini?

Alianza katikati ya Oktoba. Siku ya tatu alisema amegonga mwamba na dizeli imekwisha, nikaongeza 1,200,000. Fedha hiyo ya pili mwanangu haijui mpaka leo. Upande wa juu aliuchonga wima, kimo kinachonipita mara mbili. Udongo wote akausukuma chini pamoja na nyasi zake, akapita juu yake na minyororo ya katapila mara chache, akaniambia umeshikamana. Mfereji hakuchimba. Bikoni ya mpaka, ile ya kona ya chini, sijui aliing'oa au aliifukia, haionekani. Siku ya tano mashine iliondoka kwenda kwenye kazi nyingine, akaahidi kurudi wiki inayofuata kusawazisha.

Mvua zilianza mwishoni mwa Novemba. Unaufahamu udongo wetu huu wa majivu ya volkano, jinsi unavyochimbika kwa urahisi ukiwa mkavu na jinsi unavyokuwa mzito ukishakunywa maji. Kwanza ulionekana mpasuko katikati ya udongo uliojazwa, nami nikajipa moyo kwamba unajikalia tu. Januari, usiku mmoja, kipande kizima kiliteremka, kikavunja banda la kuku la jirani na kukifunika kisima chake. Jirani hakunitukana. Aliniuliza ni nani aliyenichongea kiwanja, nami nilishindwa kulitaja jina lile.

Wiki iliyopita kijana alimtuma mama yake, ambaye tunasali naye jumuiya moja, aniambie kwamba anahitaji 1,500,000 ili arudishe mashine na kukodi ya kushindilia. Mama wa watu alisema hayo akitazama chini. Kwa nini hakuja mwenyewe? Njia ya kwangu anaijua, na kila Jumapili anajua nilipo, kwa maana ananiamkia.

Sitaki fedha zangu, Mshauri. Ninachotaka ni aje asimame pale chini, autazame uwanja wa jirani, na aseme kwamba alikosea. Lakini nikikaa na kuhesabu naona 4,200,000 zimekwenda, na sioni sababu ya kutorudishiwa zote. Mwalimu mwenzangu mstaafu ananihimiza niende mahakamani, kwa kuwa makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na ujumbe wa miamala ninao kwenye simu. Sitaki kumfikisha huko. Akinyang'anywa ile katapila watoto wake watakula nini? Tena kuna saa natamani anyang'anywe.

Mwanangu atafika Jumatatu. Nimemwambia tu kwamba mvua zimeleta uharibifu kidogo.

Mwenyekiti wa mtaa ametuita sisi watatu, jirani, kijana na mimi, Jumanne saa nne asubuhi. Ile karatasi ya kampuni bado ninayo, na usiku huu nimeisoma mara nyingi kiasi kwamba ninaweza kuitamka bila kuitazama. Nikienda nayo, itaonyesha wazi kila kitu ambacho kijana hakukifanya. Itaonyesha pia, mbele ya jirani na mbele ya mwanangu, kwamba mimi nilikwisha kuambiwa yote mapema na nikayakataa. Naomba unijibu kabla ya siku hiyo: niende nayo, au niiache kabatini?

Mwalimu mstaafu, Mbeya